Mtu wa Picha

Mpaka leo, mtu akitaka kunipandisha hasira, anikalishe kwenye kikao halafu aanze kusifia faida za ule mkutano wa Arusha. Faida zipo, sikatai. Uhai wa mtu wangu uliponea hapo. Lakini zilivyotufikia, loo! Hebu sikilizeni.

Kituo chetu cha afya, hapa njia ya Kibara, kilipata mashine ya kupima wajawazito kwa picha mwaka wa tisini na mbili, mambo ya ruksa, biashara kufunguliwa, yakiwa yamepamba moto. Miaka ya nyuma tulikuwaga tunakata sabuni vipande kwa uzi ili imfikie kila mtu. Sasa maduka ya Bunda yamejaa, na sisi tunaletewa mashine kutoka Ulaya. Mzungu aliyeileta akanionyesha pa kuwashia na pa kuzimia, akapanda gari lake, kwaheri. Mimi Petronila, mkunga, nikabaki nayo. Kwa sababu huku chochote kinachomulika ndani ya mwili kinaitwa picha, mimi nikawa mtu wa picha wa kituo.

Jamani, niliteseka. Moyo wa mtoto nilikuwa nauona, kichwa chake nakiona. Ila kule chini, kwenye mlango wa uzazi, ni ukungu mtupu. Nilibonyeza vitufe vyote, nikaipiga hata makofi, wapi!

Ndipo redio ya misheni ikatangaza mkutano wa wataalamu wa picha za tiba. "Tutumieni mtu wenu wa picha, mmoja, gharama zote juu yetu, ova." Aliyepokea ni Alfonce, katibu wa kamati ya kituo. Mimi nilikuwa wodini nazalisha. Kamati ikakaa bila mimi, ikamtuma Mwikwabe.

Mwikwabe! Mwikwabe wa studio ya Bunda, anayepiga picha za harusi na kipaimara! Yule mwenye pazia lililochorwa ndege na maua!

Nikamvaa Alfonce ofisini kwake. "Katibu, Mwikwabe amekwenda Arusha kufanya nini?"

"Si walisema mtu wa picha?" akanijibu, tena ananishangaa. "Na wewe nesi hata kamera huna."

Basi la Arusha lilishaondoka.

Mwikwabe akiwa huko huko, mdogo wangu Bhoke akaletwa kwa baiskeli, kanga imelowa damu. Mimba yake ya tatu, na mbili za kwanza zilishaharibika. Anatokwa damu na haumwi popote. Mkunga akisikia hivyo, roho inamruka. Nilihisi kondo la nyuma limekaa mlangoni, limemzibia mtoto njia. Ikiwa hivyo, uchungu ukianza tu, anakwenda yeye na mtoto. Dawa yake ni kisu, na kisu kiko Musoma.

Ufunguo wa Land Rover anao Alfonce.

"Umeona kwenye picha?" akauliza.

"Picha haionyeshi huko chini."

"Kumbe hujui. Yule mama uliyetukimbiza naye juzijuzi, si alifika Musoma akajifungua mwenyewe hata daktari hajavaa glovu? Dizeli yetu ikaishia pale. Nesi, gari haliondoki kwa kuhisi. Nionyeshe, nitoe gari."

Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambembeleza tena. Akakaa vilevile. Nikarudi wodini, nikamlaza Bhoke, nikamkataza hata kugeuka. Damu ilikuwa imepungua, lakini ile huwaga inarudi, na ikirudi inakuja na nguvu. "Dada, huyu naye ataondoka?" akaniuliza. Nikamwambia haondoki. Nilikuwa namdanganya, na yeye alijua.

Mwikwabe akarudi na kofia mpya na mkoba wenye maandishi. Kamati ikaketi kusikiliza faida. Akamwaga picha mezani: watu wanapiga makofi, meza ya chakula, Mwikwabe na profesa, Mwikwabe na profesa mwingine.

"Na masomo?" nikauliza.

"Nimeyapiga yote, dada Petro. Kila walichomulika ukutani, na mimi nimo."

Akanipa bunda zima. Nikafunua ya kwanza: nyeupe. Ya pili: nyeupe. Zote nyeupe! Mjinga yule alikuwa anapiga flashi kwenye mwanga wa ukutani, imefuta kila kitu. Masomo yote ya Arusha nimeyashika mkononi na hayaonekani. Machozi yalinitoka kwa hasira.

"Na wao wamezidi," Mwikwabe akajitetea. "Kuna mama mjamzito walimlaza mbele, tuone mashine inavyofanya kazi. Nimeshamweka vizuri kwenye kamera, mara analia anataka kukojoa. Wanamkatalia! Wamemnywesha majagi ya maji tangu asubuhi, eti kibofu kijae ndipo huko chini paonekane. Amehangaika pale, picha yangu ikatikisika."

Wajumbe wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka.

"Rudia. Kibofu kiwe vipi?"

"Kijae, dada. Unyama mtupu."

Yesu na Maria! Sisi wakunga, mjamzito akiingia tu, kabla hata ya salamu: mama, umekojoa? Nenda kakojoe kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa, tumbo lilainike mkono upate kumsikia mtoto. Wote niliowalaza kwenye ile mashine nilikuwa nimewapeleka chooni kwanza, na wa mwisho alikuwa Bhoke.

Nikatoka mbio. Nikamnywesha Bhoke maji, kikombe juu ya kikombe.

"Dada, nitapasuka!"

"Utapasuka baadaye, sasa hivi bana."

Jenereta ikawashwa. Nikampaka mafuta ya kupikia tumboni, maana yale ya mashine yalishaisha, nikaweka mkono wa mashine. Ukungu umekwenda! Kibofu cheusi kimetuna, nyuma yake mlango wa uzazi, na juu ya mlango limekaa kondo, limeziba pote. Nikapiga kelele. Alfonce akaja, akainama kutazama.

"Mbona mimi naona mawingu tu?"

"Wewe toa gari!"

Akalitoa. Bhoke alipasuliwa Musoma, akapata binti, na wote wawili wapo.

Mwaka uliofuata redio ikaita tena mtu wa picha. Safari hii nilivaa kitenge changu kizuri, nikaingia kikaoni mapema. Wodini nilikuwa nimemwacha mjamzito mmoja kutoka kijiji cha Mugeta, mtoto wake kwenye mashine ana kitu mgongoni nisichokielewa. Nikawaeleza hayo. Alfonce akasimama. "Ndugu wajumbe, tusisahau fadhila. Habari ya kibofu nani aliileta?"

Wakampigia Mwikwabe makofi, wakampa safari tena.

Nikamkuta stendi ya Bunda anasubiri basi, kofia kichwani. Sikumsalimia. Nikaishika kamera yake, nikaichomoa ile flashi, nikaitia mfukoni mwa gauni langu.

"Dada Petro, sasa nitapigaje?"

"Utasikiliza," nikamwambia. "Na ukiona mama analia, muulize analilia nini."