Nafasi ya Saba Kati ya Kumi

Ofisini walimwita Desimali, kwa sababu hakukubali nambari ikatwe mkia. Ukimwambia watalii walikaa siku nne, angekuuliza, "Nne kamili, au nne nukta mbili?" Walimcheka, lakini hesabu zikigoma, mlango uliogongwa ulikuwa wake.

Aliyemleta katika idara ya utalii alikuwa mkurugenzi wake, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu, hata dereva, alimwita Mama Mkubwa. Hawakuwa na undugu wa damu. Lakini Desimali alipofiwa na mama yake, Mama Mkubwa alishinda naye msibani siku tatu, akiosha vyombo pamoja na wanawake wengine kama mtu wa nyumbani. Tangu hapo Desimali alimwita "mama" bila hata kufikiri.

Mwaka ule idara ilitakiwa kuzilinganisha nchi kumi za ukanda wao, ijulikane kwa nini watalii walikuwa wanaipita nchi yao na kwenda kwa majirani. Mama Mkubwa alimkabidhi Desimali kazi nzima.

"Itazame nchi yetu kwa jicho la mgeni," alimwambia. "Nataka ukweli mtupu, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Miezi minane Desimali alihangaika. Aliziandikia hoteli ishirini katika kila nchi barua pepe ileile, akapima zilichukua saa ngapi kujibu. Alipanga foleni za viza. Alisimama katika viwanja kumi vya ndege, saa mkononi, akihesabu dakika tangu mlango wa ndege ufunguliwe hadi mgeni wa kwanza atoke nje na begi lake. Katika nchi moja zilikuwa dakika kumi na tisa. Kwao zilikuwa tisini na sita, na mkanda wa mizigo ulikuwa umesimama kimya kama umesusa. Aliingia hata katika vyoo vya kando ya barabara kuu, daftari mkono mmoja, leso puani.

Likabaki jambo moja lisilopimika kwa saa: waongoza watalii. Alama walizopewa na wageni alikuwa nazo, lakini alitaka kuwasikia wenyewe. Hapo akamwendea kaka yake, aliyekuwa na miaka kumi na saba katika kazi hiyo.

"Wenzangu hawawapendi watu wa ofisini," kaka yake alimwambia. "Wakiona kalamu wanakuwa mabubu."

"Waambie mimi ni mdogo wako."

"Hapo ndipo watakapokimbia kabisa."

Hata hivyo aliwaita. Jumapili mchana walikusanyika kumi na mmoja sebuleni kwake, wengine wamekalia mikono ya makochi. Desimali aliwaahidi kwamba hakuna jina wala neno la mtu litakaloonekana popote. Alitaka kuelewa tu. Wote wakaitazama kalamu yake. Kaka yake akaamua kuwafungulia njia.

"Mimi, ndege nisiyemjua nampa jina la mama mkwe wangu," alisema. "Kuna mgeni mmoja amerudi kwao na daftari zima limejaa mama mkwe."

Mkewe, aliyekuwa anapita na trei ya chai, alimsukuma bega kwa kiwiko. Watu wakaangua kicheko, na baada ya hapo maneno yakamiminika. Mmoja alikiri kwamba Kifaransa chake kinaishia kwenye "habari za asubuhi". Mwingine akasema anawapokea wageni wakiwa wameshakasirikia uwanja wa ndege, na siku nzima ya kwanza anazima moto ambao hakuuwasha yeye. Desimali aliandika yote.

Hesabu zilipokamilika, nchi yao ilikuwa ya saba kati ya kumi. Kwa uzuri wa mandhari na wanyama, ya kwanza. Kwa viza, ya nane. Kwa uwanja wa ndege, ya tisa. Kwa vyoo vya barabarani, ya kumi, mkiani kabisa. Waongoza watalii wake, pamoja na Kifaransa chao cha asubuhi, walikuwa wa tatu.

Alimpelekea Mama Mkubwa faili Jumanne saa tatu asubuhi. Aliambatisha na maelezo ya kikao cha sebuleni, bila majina, ili mama yake wa kazi aelewe kila nambari ilikotoka. Mama Mkubwa alifunga mlango, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akasoma ukurasa kwa ukurasa.

"Saba," alisema. "Inauma."

"Inauma, mama, lakini inatibika. Nusu ya dawa ni maji na ufagio."

"Niachie mimi. Nitaipeleka juu kama ilivyo."

Desimali alitoka mle mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Wiki tano baadaye ripoti ilizinduliwa mbele ya kamera na wajumbe wa nchi zote kumi. Desimali aliketi safu ya pili, akapewa kitabu kinachong'aa chenye jina lake kwenye jalada. Akafungua ukurasa wa jedwali. Nchi yao ilikuwa ya pili.

Alidhani ni kosa la mpiga chapa. Akashuka kwa kidole, mstari kwa mstari. Uwanja wa ndege ulikuwa wa tatu. Waongoza watalii walikuwa wa tisa. Nafasi zao zilikuwa zimebadilishana, kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Vyoo havikuwemo kabisa. Chini ya jedwali iliandikwa kwamba kasoro pekee kubwa ni waongoza watalii, "ambao baadhi yao wamekiri kubuni majina ya ndege."

Alikuwa bado anausoma mstari huo aliposikia sauti ya Mama Mkubwa kwenye kipaza sauti: "Na huyu ndiye binti yangu aliyeifanya kazi hii. Simama, mwanangu, wakuone!"

Watu mia tatu walipiga makofi. Desimali alisimama. Na Mungu amsamehe, alitabasamu.

Siku mbili baadaye barua zilitoka: leseni za waongoza watalii wote zimesimamishwa hadi watakapofanyiwa mtihani upya. Desimali alikwenda kwa kaka yake. Wifi yake alimfungulia mlango bila kumwambia karibu. Kaka alikuwa mezani, sare yake imekunjwa pembeni, ripoti iko wazi mbele yake.

"Mama mkwe wangu amefika mbali," alisema. Hakucheka.

"Kaka, sikuandika vile. Walibadilisha. Ninyi mlikuwa wa tatu."

"Niliwaita watu kumi na mmoja nyumbani kwangu. Niliwaambia huyu ni damu yangu, semeni. Jana mmoja wao amesimama hapo mlangoni akaniuliza kama nilijua."

"Naapa sikujua."

"Ukumbini ulijua?"

Desimali aliitazama ripoti pale mezani.

"Kitabu kilikuwa mkononi mwako. Nilikuona kwenye televisheni. Ukasimama, ukacheka na watu." Alifunga ripoti taratibu. "Nenda, mdogo wangu. Leo sina maneno mazuri."

Kutoka pale Desimali alikwenda moja kwa moja ofisini. Hakuwa na nguvu ya kumgombeza mtu kabla ya kuhakikisha hesabu. Alifungua faili la ripoti kwenye kompyuta, akatazama kumbukumbu zake: nani aliligusa, na lini. Alikuwa anatarajia kuona mkono wa mtu wa juu. Aliona jina moja tu. Jedwali lilibadilishwa Jumanne ileile, saa nne na dakika arobaini. Chai waliyokunywa ilikuwa bado haijapoa vizuri.

Aliingia kwa Mama Mkubwa bila kugonga.

"Uliniambia utaipeleka kama ilivyo."

Mama Mkubwa alivua miwani. "Niliipeleka, mwanangu. Ikarudi. Wakubwa waliikataa, ningefanya nini?"

"Ilirudi lini?"

"Baada ya wiki, wiki mbili hivi."

"Uliibadilisha saa nne na dakika arobaini, mama. Nilikuwa nimetoka hapa saa nne na robo."

Mama Mkubwa aliiweka miwani mezani. Hakutafuta uongo mwingine.

"Uwanja wa ndege una wenyewe," alisema. "Ukiugusa, wanakugusa. Waongoza watalii hawana mtu. Lazima mtu aonekane ana kosa. Nikachagua asiye na wa kumtetea. Ndivyo kazi inavyokwenda."

"Na jina langu?"

"Nilitaka upande cheo. Nilikuwekea jina kama mzazi."

"Ungeweka lako."

Mama Mkubwa alivaa miwani yake, akarudi kwenye karatasi zake. Desimali aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa anasubiri kuombwa radhi. Hata hapo, angeombwa tu, angeipokea radhi hiyo na kuyamaliza. Lakini hakuna aliyemwomba.

Mchana ule aliwaandikia wajumbe wa nchi zote kumi kwamba ripoti ile si yake, akawatumia jedwali la kweli, vyoo vikiwemo. Jumamosi alikwenda kwenye mkutano wa waongoza watalii. Walimzomea alipoingia. Alisimama mbele yao, akaeleza alichofanyiwa na alichofanya yeye: kwamba aliahidi maneno yao hayatatoka, kisha akayapeleka kwa mtu aliyemwamini, na kwamba ukumbini aliona, akasimama. Wengine walimtukana. Mzee mmoja akamwambia, "Angalau umekuja," na hilo ndilo lililomliza.

Majirani walipoanza kuuliza maswali hadharani, idara iliiondoa ripoti. Leseni zilirudishwa baada ya wiki saba. Mama Mkubwa alihamishiwa idara nyingine, kwa cheo kilekile. Desimali aliacha kazi kabla hajaachishwa, akaajiriwa chuoni kufundisha takwimu.

Kwa kaka yake aliendelea kwenda. Alipokewa, alipewa chai, watoto walimrukia shangazi yao. Siku moja, kwa mazoea tu, alimuuliza, "Wageni wa msimu huu wanasemaje, kaka?"

Kaka yake alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliinua kichwa, akamtazama mikononi.

"Hiyo ni ya kuandika, au ya kuongea?"

"Ya kuongea tu."

Alifikiri kidogo. "Hawajambo," alisema, akainamia kiatu cha pili.