Barabara Iliyopinduka Ukutani

Mwanamkasi binti Mselem alikuwa mtoto wa mbio. Alipanda ngazi mbio, alikwenda chooni mbio, na akitumwa kumpelekea jirani wa chini kisahani cha kashata, kashata nyingine ziliishia kwenye vidato kabla hazijafika kwa mwenyewe. Basi daktari alipomwambia Mize, mama yake, kwamba mtoto huyu alale kitandani mpaka majira ya joto yaingie, asikimbie, asiruke, asitembee ila kwa haja, Mize alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa akaufunge upepo kwa kamba.

Ilikuwa homa ya baridi yabisi. Ilianza na koo, ikashukia magotini na vifundoni, mwisho ikaugusa moyo. Hospitali walimlaza, wakamtibu, kisha wakamrudisha nyumbani Sparkbrook, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, na chupa ya penisilini na onyo moja: moyo wa mtoto usipopumzika, utabaki na kilema. Mwanamkasi alikuwa na miaka minane. Ulikuwa mwaka wa 1971, mwezi wa tatu, baridi bado inauma, na familia yao ilikaa vyumba viwili vya juu katika nyumba ya matofali mekundu nyuma ya Stratford Road. Chini yao alikaa Bi Kulwinder, mwanamke wa Kipunjabi aliyefanya kazi ya jioni katika chumba cha kufulia cha hospitali, kule Bordesley Green.

Siku za kwanza mtoto alilala kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya lingine. Nguvu ziliporudi, ndipo balaa lilipoanza. Alijigeuza. Alipiga ukuta kwa visigino. Aliitupa blanketi, akaidai, akaitupa tena. Kiswahili alikisikia chote, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza cha shuleni.

"Mama, I'm bored."

"Lala, mwanangu."

"Nimelala since Christmas!"

Si kweli, lakini Mize alimwelewa, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutulia. Kule Unguja alikuwa akisomesha watoto wadogo, siku nzima yuko wima. Hapa alikuwa akizunguka chumba kile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hadithi zilimwishia. Vitendawili vilimwishia. Na juu ya hayo, lilikuwapo jambo la mumewe.

Mselem alifanya kazi kiwanda cha vyuma. Aliondoka alfajiri na kibati chake cha chakula na kurudi jua likishuka. Lakini tangu wiki chache zilizopita mikono yake ilirudi safi, haina weusi kwenye kucha, na koti lake halikunuka mafuta ya mashine. Mize alipouliza, alijibu kuwa wamepewa sabuni mpya. Akila, mguu wake ulitikisika chini ya meza. Akilala, alijipindua kama samaki kwenye kikaango. "Mambo ya kazini tu," husema, na Mize, aliyekuwa na mgonjwa wa kumtunza, akaliacha jambo lilale mahali lilipolala.

Siku moja alinunua kabeji Ladypool Road, ile ya rangi ya zambarau. Alipoichemsha aliona maji yametoka na rangi nzuri, akaona haya kuyamwaga. Akayatia katika gilasi tatu na kuziweka kwenye sinia mbele ya mtoto.

"Hebu tia siki hapa. Tone moja tu."

Mwanamkasi akatia kwa uvivu. Maji yakageuka waridi. Akaketi wima.

"Na hii magadi ya kufulia. Kidogo. Usionje!"

Gilasi ya pili ikawa kijani kama jani la mgomba. Mtoto akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza amemwona.

"Again," akasema.

Siku ile ilipita bila ya mtu kuhisi. Walizamisha karatasi katika maji ya kabeji, wakazianika kwenye kamba juu ya jiko, na zilipokauka Mwanamkasi akachora juu yake kwa brashi iliyochovywa siki. Kila alipogusa, ua jekundu lilijitokeza. Chumba kizima kilinuka kabeji. Bi Kulwinder alipanda kuuliza ni nini kilichooza, akaishia kuondoka na picha ya tausi mkononi.

Lakini mtoto mgonjwa anayejiona mzima hula michezo kama moto ulavyo makuti. Kabeji ikachosha. Wakafunga uzi kwenye penseli na kuutumbukiza katika maji ya chumvi nzito ili vijiwe vya chumvi vimee juu yake. Hilo likawa baya zaidi, kwa kuwa vijiwe humea polepole na Mwanamkasi aliinuka kila mara kwenda kuvitazama. Alasiri moja Mize alitoka kusuuza vyombo, aliporudi akamkuta mtoto amesimama juu ya kiti dirishani, kwa ncha za vidole, anahema, midomo imempauka.

"Nilitaka kuona barabara tu," akasema kwa sauti ndogo. Kitanda chake kiliwekwa ukuta wa ndani ili baridi ya dirishani isimfikie, na kutoka pale hakuona kitu ila paa na mawingu.

Mize alimbeba, akamlaza, akamsikiliza kifua mpaka mapigo yalipotulia. Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili kilio chake kisisikike.

Akiwa pale jikoni, akamkumbuka ami yake. Ami yake alikuwa mpiga picha mjini Unguja, na siku za mvua alizoea kuwakusanya watoto wa nyumba katika chumba chake cha giza, akatoboa tundu kwenye ubao wa dirisha, na uchochoro mzima ukaingia ndani. Mize alikuwa hajalifikiria jambo hilo miaka na miaka. Mtoto haruhusiwi kwenda barabarani. Basi barabara na ije.

Akangoja siku ya jua, na Birmingham haina haraka ya jua. Ilipokuja, asubuhi moja ya mwezi wa nne, akavuta mapazia, akapigilia juu yake blanketi mbili na mfarishi mzito aliouazima kwa Bi Kulwinder, akaziba nyufa kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Katikati akabandika karatasi ngumu yenye tundu dogo kuliko ile sarafu mpya ya nusu peni. Juu ya kitanda cha mtoto, ukutani, akatundika shuka jeupe, akamgeuza mtoto alitazame.

"Sioni kitu," Mwanamkasi akalalamika.

"Ngoja macho yazoee. Nyamaza kidogo, kwa mara moja maishani mwako."

Jua lilikuwa linapiga nyumba za upande wa pili wa barabara. Kidogo kidogo shuka likapata rangi: kwanza buluu ya mbingu chini, karibu na mto wa kulalia, juu yake mabomba ya moshi yaliyoning'inia, kisha matofali mekundu, milango, na juu kabisa, karibu na dari, barabara yenyewe. Kila kitu kichwa chini, miguu juu. Gari la maziwa likapita limebiringika, magurudumu angani, bila ya chupa hata moja kumwagika. Mwanamke mwenye kikapu akapita kama popo anayetembea.

Mwanamkasi alikuwa amekamata mkono wa mama yake kwa nguvu.

"Mwanga hupita mstari mmoja ulionyooka," Mize akaeleza, na sauti yake ya darasani ikamrudia yenyewe. "Unaotoka juu, ukipenya tunduni, huangukia chini. Unaotoka chini huangukia juu."

"Look at that man!" Mtoto akaanza kucheka. "Mama, mwone yule!"

Ukingoni mwa shuka alikuwapo mtu aliyevaa koti refu. Alikwenda hatua kadhaa, akageuka, akarudi. Akasimama, akatazama upande wao. Akahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akaivua kofia, akaivaa, akaanza tena kwenda na kurudi. Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili, na kwa kuwa alikuwa amepinduka, ilikuwa kana kwamba anazuia kichwa kisidondoke. Mwanamkasi alicheka mpaka akakohoa.

Mize hakucheka. Uso haukuonekana, ulikuwa doa tu. Lakini mke huujua mwendo wa mumewe hata ukipinduliwa. Na kile kitu mkononi kilikuwa kibati cha chakula.

"Nakuja sasa hivi," akasema. "Usiinuke. Ukiinuka, naondoa tundu."

Akashuka ngazi na kandambili, akavuka barabara bila ya kutazama. Mselem alipomwona anakuja, kichwa wazi, bila ya koti, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta.

"Mtoto yu hai?" akauliza.

"Maneno gani hayo?"

"Niambie, Mize! Mtoto yu hai?"

"Yu hai, anacheka. Nani kakwambia vingine?"

Mselem akanyoosha kidole kwenye dirisha lao. Lilikuwa limefunikwa lote, jeusi tii. Hapo ndipo Mize alipoelewa. Katika mtaa ule, dirisha likizibwa mchana, watu huvua kofia. Ndivyo Waingereza wanavyojulisha msiba. Majira ya baridi alipokufa mzee wa nyumba ya pembeni, mtaa mzima ulivuta mapazia.

"Na kwa nini hukuja ukagonga?"

Kibati kikahama mkono tena.

"Ningegonga vipi?" akasema. "Saa hizi mimi niko kazini."

"Uko kazini?"

"Walitupunguza. Tangu mtoto yuko hospitali. Nilisema nitapata nyingine kabla hujajua. Kila siku naulizia, kila siku mlango unafungwa. Nikichoka kuuliza natembea. Nafika Bordesley Green, nafika Balsall Heath, narudi. Siwezi kukaa, Mize. Nikikaa, kifua kinanibana. Na kila asubuhi napita hapa kutazama kama umefungua pazia. Nikiliona liko wazi, naondoka. Leo…"

Mize alikuwa na hasira, hasira ya sabuni mpya na ya usiku wote ule wa kugaragara, na alikuwa na maneno tayari. Lakini mumewe alikuwa akitetemeka mbele ya watu, na chakula alichompikia kilikuwa bado kizima ndani ya kibati.

"Twende juu," akasema. "Nitakugombeza baadaye. Nitakugombeza sana."

Bi Kulwinder alikuwa mlangoni, amewatazama tangu mwanzo. Akawapisha bila ya kuuliza.

Juu, katika lile giza, Mwanamkasi akamtambua baba yake kwa kikohozi.

"Baba! Alikuwa wewe? Yule upside down?"

"Nilikuwa mimi."

"Mbona hukwenda kazini?"

Mselem akamtazama mkewe. Mize hakumsaidia. Mselem akapiga magoti kando ya kitanda. "Kazi imekwisha, mwanangu. Baba hana kazi."

Mtoto akalifikiria hilo kwa muda mfupi mno. "So unaweza kwenda nje tena? Uruke! Nataka kuona ukiruka."

Na Mselem, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye mbele za watu hakuwahi hata kuinua sauti, akashuka, akavuka barabara, akasimama kwenye jua. Akaruka mara moja, kwa aibu. Ukutani akadondoka kuelekea chini, kisha akarudi juu. Kutoka barabarani hakuweza kuona wala kusikia kitu, ila dirisha jeusi. Basi akaruka tena, akapunga mikono, akazunguka kama mchezaji wa ngoma aliyepotewa na wenzake. Muuza makaa akasimamisha gari lake kumtazama. Ndani, Mwanamkasi alicheka huku amelala chali, kama alivyoamriwa, na Mize akaketi ukingoni mwa kitanda na kulia gizani bila ya kufungua bomba lolote.

Alimgombeza kweli, siku mbili. Siku ya tatu akafunga kilemba, akafuatana na Bi Kulwinder mpaka Bordesley Green, na wiki iliyofuata akaanza kazi ya kukunja mashuka ya hospitali, zamu ya asubuhi. Mselem akabaki na mtoto.

Mwanzo ilikuwa kama kuwafungia paka wawili katika kikapu kimoja. Mselem alikaa, akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Baba," Mwanamkasi akamwambia, Kiswahili kikimteleza, "daktari kasema mimi ndiye nisitulie. Wewe una nini?"

"Kasema utulie."

"Basi tulia na wewe!"

Akajifunza kutulia kwa mikono. Alipata mabaki ya rangi za mafuta, akayadondoshea katika beseni la maji, wakazivuruga kwa kijiti mpaka zikafanya mawimbi, wakalaza karatasi juu na kuiinua imejaa michirizi kama jiwe la marumaru. Beseni likaharibika, na zulia nalo. Akatengeneza mashua ya kibati iliyokwenda kwa moto wa mshumaa, ikazama. Akatengeneza ya pili. Mize aliporudi mchana, miguu imemvimba, alikuta chumba kama soko lililovunjwa na mvua, na watu wawili wasiotaka kuulizwa kitu.

Mwezi wa saba hospitali wakausikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu. Umepona, wakasema, ila umebaki na sauti ndogo ya mvumo, na mvumo huo atakuwa nao. Shule aende. Mashindano asishindane. Mwanamkasi alilia pale pale mbele ya daktari, naye Mize hakumkataza.

Kazi ya Mselem ilipatikana mwisho wa kiangazi, kiwanda cha mikate. Safari hii alianza kuitangaza akiwa bado barabarani; akaita jina la mkewe, akapanda ngazi akisema, akaingia bado anasema: kazi ameipata, ingawa ni ya usiku, na kabla yake amekataliwa mahali pawili, na mtu mmoja huko alimcheka jina, na yote hayo aliyataja kabla hajavua viatu.

"Alhamdulillahi," Mize akasema. "Punguza sauti."

Mwanamkasi alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi, karatasi zimemnata kwenye nywele.

"Ukiwa unalala mchana," akamuuliza baba yake, kwa Kiswahili safi ambacho hakuna aliyemlazimisha, "nani atanishikia gundi?"

Mize akatazama pembeni. Kisha baba mtu akaketi sakafuni bado na koti lake, akanyoosha mkono, na mtoto akampa chupa ya gundi.