Kichwa cha Ndege Uani

Mnadani, mkubwa akinyanyua mkono, mdogo wake hushusha wake. Dalali halitangazi jambo hilo, wala halijaandikwa popote, lakini kila aliyekuja asubuhi ile kwenye kiwanja cha vitu vilivyostaafu jeshini alilijua kama anavyolijua jina la babake. Kwa hivyo Mahfoudh aliponyanyua mkono kukitaka kichwa cha ndege ya kivita, kilichokatwa nyuma kidogo ya kiti cha rubani, vijana wa ukoo wake waliokuwa wakivitamani vyuma vyake walitia mikono mifukoni.

Kisha ukanyanyuka mkono mwengine kule nyuma, karibu na majenereta. Mkono wa mwanamke.

Dalali akakinga jua kwa kiganja. "Binti, unamjua unayeshindana naye?"

"Namjua. Ni ami yangu."

Kiwanja kizima kikacheka. Mahfoudh hakucheka. Akanyanyua tena, na Balqis akanyanyua tena. Kicheko kikafa. Sasa watu walikuwa wakitazama viatu vyao, kama watu waliojikuta ndani ya ugomvi wa nyumba isiyo yao.

"Shusha mkono, Balqis," Mahfoudh alisema kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani na si ya mnada, ili mambo ya nyumbani yabaki ya nyumbani.

"Shusha wewe, Ami. Wewe unataka pambo. Mimi nataka kazi."

Alisema kwa sauti ya kusikika hadi getini. Mahfoudh akaukunja mkono wake kifuani, akaondoka bila ya kuaga. Dalali akagonga meza, na kichwa cha ndege kikawa cha Balqis, binti aliyeuza dhahabu yake yote aliyowekewa kwa ajili ya harusi ili akipate.

Msimshangae. Balqis alisoma uhandisi wa ndege akafaulu hata waliomfundisha wakampa mkono. Tangu hapo alibisha hodi kila mlango unaohusika na kitu kinachoruka, na kila mlango ulimwambia jambo moja: subiri, tutakupigia. Simu haikulia. Vijana aliowafundisha hesabu usiku wa mtihani walipata kazi. Yeye alipata pole. Siku moja, watu wamekaa wanakula, akasema, "Kama hakuna atakayenipa ndege niitengeneze, nitajinunulia." Walicheka wakaendelea kula. Kumbe alikuwa anawapa habari.

Habari za mnadani zilifika nyumbani Ansab kabla ya lori. Bibi Muhsina, mama yake Mahfoudh, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika nyumba ile. Alikisubiri kichwa kishushwe uani, akakizunguka mara moja, akamwita mjukuu wake.

"Umemvunjia mwanangu heshima mbele ya wanaume kwa sababu ya bati?"

"Si bati, Bibi."

"Mie nnaliona kwa macho yangu. Bati. Tena lina kiota cha njiwa."

Balqis akachungulia. Kiota kilikuwepo.

"Sikiliza we mwana. Tangu babako kututoka, Mahfoudh ndiye babako. Ijumaa ya kwanza baada ya Idi atakuja hapa, ataingia humo ndani akae. Akisema ni kitu, ni chako, na yamekwisha. Akisema ni taka, atalichukua akaliweke kwenye mkahawa wake Azaiba, na wewe utambusu mkono mbele ya watu."

"Yeye ndiye awe hakimu? Si ndiye anayelitaka!"

"Ndiye uliyemuaibisha. Ulitaka hakimu nani, dalali?"

Basi Balqis akaanza. Alifunga turubai kukinga jua, akavua kila paneli iliyovulika. Mchanga wa miaka ulimwagika kutoka mahali ambapo mtu asingefikiri mchanga unaweza kuingia. Bati la ndani lilikuwa limeota kutu nyeupe, ile ya aluminiamu, inayosagika kama chokaa ukiigusa. Nyaya zilikatwa ovyo, na baadhi ya saa za vipimo mbele ya rubani ziling'olewa zikaacha matundu. Akaikwangua kutu, akaweka ribiti mpya za kushikia mabati, akaufuata kila waya kwa kidole mpaka mwisho wake. Saa zisizokuwepo alizitafuta kwa wauza vyuma, na zilizokosekana kabisa akazitengeneza mwenyewe.

Kiti alikipeleka Wadi Kabir, kwenye gereji ambako Priscah, dada wa Kikenya, alikuwa anashona viti vya magari. Priscah alikizunguka mikono kiunoni.

"Madam, hii si kiti ya Land Cruiser. Huyu dereva alikuwa anakaa aje? Kama mtu anang'olewa jino?"

"Ni cha rubani. Ukivuta hapa kinamrusha nje ya ndege."

Priscah akaruka nyuma. "Aki wewe! Na unaniletea nishone?"

"Baruti ilitolewa zamani."

"Ulihakikisha ama uliambiwa?"

"Nilihakikisha."

"Haya, kaa wewe kwanza."

Balqis akakaa. Priscah akangoja, akaona hakuna aliyeruka, ndipo akaja na futi yake. Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka kanisani alipitia Ansab. Alisema anakuja kuangalia mto wake kama umekaa sawa. Bibi Muhsina alisema anafuata mkate wa kumimina. Wote wawili walisema kweli.

Kazi iliyomtoa Balqis machozi ilikuwa kile kifuniko cha juu, kuba la kumwezesha rubani kuona angani. Jua lilikuwa limekigeuza rangi ya maziwa yaliyolala. Alikisugua kwa msasa na maji, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, hata mabega yakagoma. Kila aliyepita alionywa: hiki si kioo, ni plastiki, maji na sabuni ya mtoto tu, kingine chochote marufuku.

"Sabuni ya mtoto!" Bibi akasema. "Basi kivishe na nepi."

Katikati ya kazi hiyo Mahfoudh akamtumia ujumbe wa sauti. "Balqis, salamu. Nimeshamwona fundi wa taa za mkahawani. Zambarau au kijani, wewe unapenda ipi?" Balqis aliusikiliza mara moja, akaufuta, akauchovya msasa majini. Siku ile hakula mchana. Na jioni, kwa mara ya kwanza, aliyaona majani ya mtende wa jirani kupitia kifuniko, jani moja moja.

Idi ikaja ikapita, Ijumaa ikafika. Ukoo ulijaa uani baada ya sala. Balqis alikuwa jikoni anamimina kahawa kwenye birika aliposikia sauti za kusifu nje, "Mashallah, mashallah," akatoka mbio na birika mkononi.

Mahfoudh alikuwa amesimama kando ya ndege na chupa ya manukato. Mtu yule hakuwa akiingia nyumba mpya wala kugusa gari jipya bila ya kulipulizia, kulitakia heri na kuliepusha na jicho la hasidi. Alikwishakipulizia kifuniko chote, mbele mpaka nyuma, na sasa alikuwa anakipangusa kwa leso yake, taratibu, kama anayemweka sawa bwana harusi. Hakukuwa na hila usoni mwake. Hilo Balqis aliliona, na ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ami, umepuliza nini?"

"Heri. Sikuja na kinyongo. Hata nikikichukua, kitoke hapa kinanukia."

Balqis akaweka birika chini, akavuta mpira wa maji, akaufungulia wote. Maji yakapiga kifuniko yakarukia kanzu ya Mahfoudh. Uani watu wakashika vinywa.

"Kamwagia manukato ya ami yake maji!" mmoja akasema. "Hakutosheka na ya mnadani!"

Balqis alikuwa anakitazama kifuniko. Haikuchukua muda, ndani ya plastiki ile zikachomoza nyufa nyembamba kama unywele, moja, halafu kundi, zikimetameta juani kila yalipoangukia manukato. Spiriti ya manukato ilikuwa imeshaila plastiki.

"Madam," Priscah akanong'ona, "si ile perfume ndiyo..."

"Nyamaza, Priscah."

"Lakini si useme!"

"Nyamaza."

Bibi Muhsina, aliyekuwa kwenye kiti chake kivulini, akapiga kofi moja. "Haya. Mahfoudh, ingia."

Mahfoudh akapanda ngazi, akaminya tumbo, akaketi. Balqis akapanda nyuma yake, akakishusha kifuniko nusu, akainamisha kichwa ndani ili amwoneshe swichi. Pale walipokuwa hakuna wa nje aliyeweza kuwasikia. Akawasha. Dashibodi ikajaa mwanga mwekundu hafifu, na mishale ya saa ikanyanyuka, kila mmoja ukaenda mahali pake ukatulia.

Mahfoudh akashika usukani kwa mikono miwili. "Hii inafanya kazi?"

"Taa na saa zake. Injini imebaki jeshini."

"Haya matundu ya saa, nnakumbuka yalikuwa matupu."

"Yalikuwa."

Akazigusa moja moja. Kisha akanyanyua macho, jua likampiga kupitia zile nyufa.

"Hizi zilikuwepo nilipokuja?"

"Hazikuwepo."

"Basi ni maji yako."

"Si maji, Ami."

Akakinusa kiganja chake. Akayatazama yale makundi ya nyufa, kila moja duara, kila moja ukubwa wa tone lililotapakaa. Nje watu wakaanza kuuliza kunani.

"Hakuna ajuaye ila mimi na wewe," akasema polepole. "Nikitoka nikasema ni taka, nani atanipinga?"

"Mimi."

"Tena mbele ya watu?"

"Tena mbele ya watu. Nakuheshimu, Ami, na kwa heshima hiyo nimenyamaza mpaka umeuliza mwenyewe. Lakini hii siiachi. Ukitaka nikubusu mkono kwa ya mnadani nitakubusu, hata miguu, sasa hivi. Hii siiachi."

Mahfoudh akamwangalia kama anayejaribu kumkumbuka mtu. Kisha akafanya mlio puani, si kicheko hasa, akasukuma kifuniko, akasimama juu ya kiti kipya cha Priscah.

"Mama! Kifuniko nimekiharibu mie, kwa manukato yangu. Mtoto hana kosa. Na kilichobaki..." Ilikuwa tabu kwake. Mwanamume yule hakuzoea kushindwa mara mbili na mtu mmoja. "Kilichobaki ni kitu. Ni chake."

Vigelegele vikapigwa, na Priscah alipiga cha Kikwao kilichowafanya njiwa waruke juu ya paa. Bibi Muhsina hakupiga. Alingoja kimya kirudi.

"Na aliyeharibu?"

"Nitamwagizia kipya, Mama, popote kilipo."

"Hakipo popote," Balqis akasema. "Lakini nyufa nyingi hazijazama, zinatoka kwa msasa. Nataka mikono, Ami, sitaki pesa."

"Lini?"

"Sasa."

Kahawa ikanywewa, halwa ikaliwa, na Mahfoudh akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka viwikoni, ukoo mzima ukimtazama. Balqis alilowesha kipande cha msasa akampa.

"Upande mmoja tu, usizungushe. Msasa huu twende huku. Ule wa pili tutakwenda kule, ili mikwaruzo ya kwanza ikibaki tuione."

Mahfoudh akasugua. Akazungusha.

"Hapana, Ami. Rudia."

Akarudia, jasho likimdondoka puani. "Na ukipata kazi kwenye ndege za watu," akasema, "utawasemesha hivi hivi?"

"Hivi hivi," Balqis akasema. "Maji, Ami. Msasa wako umekauka."