Mkaaji wa Sasa

Lori lilitushusha uwanja wa mpira saa nne asubuhi, watu sitini na kitu pamoja na mizigo yetu, tukaambiwa tufuate mishale. Mishale yenyewe ilichorwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za watu, na chini ya kila mmoja pameandikwa: USAJILI WA WANAOREJEA. Nikamshika mama mkwe mkono tukaanza kutembea. Mshale wa kwanza ukatupeleka sokoni. Wa pili ukakata kona penye duka la dawa. Wa tatu sikuusoma hata kidogo, maana miguu ilikuwa imeshajua inakokwenda.

Mishale ilitupeleka nyumbani kwangu.

Sisemi mtaani kwangu, nasema nyumbani. Geti lile alilichomelea marehemu mume wangu kwa mikono yake, likatoka limeinama kidogo upande wa kushoto, na kila aliyelicheka alinuniwa wiki nzima. Sasa lilikuwa limepakwa rangi nyeupe na kupigiliwa bango la Shirika la misaada, bango kubwa kuliko geti lenyewe.

Mama mkwe alilitazama bango, kisha akanitazama mimi. "Hawa ni nani?"

"Sijui, mama."

"Wamekuja kutupokea?"

Mlinzi akapunga rungu. "Nyuma ya mstari, akina mama. Hapa wote mna haraka."

Miaka tisa ya kambini ilinifundisha kazi mbili tu, kupanga foleni na kunyamaza. Nikapanga, nikanyamaza. Jua likapanda. Tulipofika barazani tulimkuta karani mwenye kalamu tatu mfukoni. Meza yake ilikuwa pale pale nilipokuwa nikiweka cherehani yangu, kwa sababu ndipo penye mwanga mzuri. Angalau jicho la kuchagua mahali alikuwa nalo.

"Makazi yako kabla ya machafuko?"

"Hapa."

"Hapa mjini?"

"Hapa ulipoweka kiti."

Hakuinua kichwa. "Mama, fomu haina nafasi ya hadithi." Akaandika: Mjini. Kisha akasoma swali lililofuata, "Hali ya makazi kwa sasa?", akajijibu mwenyewe: Hana.

Nilimdharau mtu yule kuliko nilivyomdharau askari aliyetufukuza. Askari alikuwa amelewa. Huyu alikuwa na akili timamu na kikombe cha chai pembeni.

Mama mkwe akaomba kwenda chooni. Mlinzi akamwambia choo cha ndani ni cha wafanyakazi, wanaorejea wamejengewa cha maturubai ng'ambo ya barabara. Bibi wa miaka sabini na sita akavuka barabara, akarudi. Nilimjua. Alikuwa anayaweka akiba maneno yake.

Tulipewa turubai, ndoo mbili, blanketi, sufuria lisilo na mfuniko, na kijitabu cha picha kinachofundisha kunawa mikono. Usiku ule uwanjani mama mkwe alikifungua kwa mwanga wa tochi ya jirani. "Huyu ananawa mpaka ukurasa wa sita," alisema. "Kwani alikuwa ameshika nini?"

Jirani mwenyewe alikuwa muuza mkaa wa mtaani kwetu, aliyetutangulia kurejea. Naye ndiye aliyetupa habari. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtoto wa mwisho wa mama mkwe, alikuwa amepeleka barua Shirikani kwamba sisi sote tulikufa njiani na yeye ndiye mrithi pekee. Akawapangisha nyumba. Mwaka wa nne sasa.

"Sote?" mama mkwe akauliza.

"Sote, bibi."

"Na mimi?"

Muuza mkaa akazima tochi yake.

Kesho yake shemeji alifika uwanjani akiwa amevaa fulana ya manjano. Mgongoni ilikuwa imeandikwa MWENYEKITI, KAMATI YA WANAOREJEA. Yeye, ambaye siku zote za vita hakuvuka hata mto! Alikuwa anaita majina kwenye orodha kwa sauti ya mtu anayegawa vya kwake. Alipofika kwenye turubai letu, akashusha orodha.

"Mama?"

"Abee," akajibu mama mkwe, kwa adabu zote, kama anayeitikia wito wa mkubwa wake.

"Mama, sisi tuliambiwa mmekufa."

"Na nani?"

"Watu."

"Ukanililia siku ngapi?"

Shemeji akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

"Nakuuliza wewe. Mtu akisikia mama yake kafa, analia. Wewe ulilia siku ngapi kabla ya kupangisha?"

Watu walianza kusogea. Shemeji akanishika kiwiko, akanivuta pembeni, akaanza kunipaka mafuta. "Shemeji, wewe ni mtu mwelewa. Mambo ya ndani tuyamalize ndani. Ukilikoroga hili, Shirika litafunga virago. Watu wote hawa watakosa blanketi kwa ajili yako. Utaweza kuwatazama usoni?"

Nilimwambia atoe mkono wake. Alitoa.

Lakini sumu alikuwa ameshaitia. Kufikia jioni wenzangu wa uwanjani walikuwa wananikalia kooni. Mama, subiri kwanza tupate mabati. Mama, kwani turubai lina ubaya gani? Sikuwalaumu sana siku ile, na leo pia siwalaumu sana. Ila niliwaona wadogo, nikajiona mdogo pia, kwa sababu nilisubiri wiki mbili nzima nikijidai nafikiri.

Wiki ya tatu nilirudi kwenye geti langu, nikamwambia mlinzi natafuta msaada wa sheria. Akanipitisha, akaninyooshea kidole. Mlango wa pili kulia. Chumbani kwangu.

Kitanda chetu kilipokuwa palisimama mashine ya kuchapisha, na ukutani bango lenye picha ya familia inayocheka: NYUMBA YAKO NI HAKI YAKO. Mwanasheria alikuwa binti mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alinivutia kiti, akaniamkia. Nasema haya kwa sababu ndiye pekee aliyeniamkia katika jengo lile.

Fomu yake ilikuwa ndefu. Mmiliki nani, ilijengwa lini, vyumba vingapi. Nilimwambia vyumba vinne, jiko, na stoo ambayo dari lake linavuja upande wa dirisha.

"Bado linavuja," alisema. Nilimwona akianza kuelewa, lakini kalamu ilikuwa inaendelea na mwendo wake. "Jina la mkaaji wa sasa?"

Nikamtajia jina la Shirika, herufi moja moja, kama lilivyo kwenye geti.

Aliandika mpaka herufi ya mwisho. Akaweka kalamu chini. "Mama, hapa tulipo?"

"Hapo ulipo wewe nilizalia mtoto wangu wa pili."

Akatoka kwenda sebuleni kwa mkubwa wake. Mkubwa huyo sisi wa uwanjani tulimwita Bwana Changamoto, maana hakuwa na neno jingine. Maji yakikosekana ni changamoto, mtoto akifa kwa kuhara ni changamoto. Aliingia akitabasamu, mikono ameikutanisha kama anayeomba radhi kabla hajakosa.

"Mama yangu, tumepokea dai lako kwa uzito mkubwa. Hii ni changamoto. Hatuwezi kuwa waamuzi wa jambo linalotuhusu, si ndiyo? Kwa hiyo faili litapelekwa makao makuu. Wakati huo huo tutakuingiza kwenye semina ya kuwajengea uwezo akina mama."

"Uwezo wa nini?"

"Wa kudai haki zenu."

Aliyasema hayo macho makavu, akiwa amesimama juu ya sakafu niliyoilipia kwa kushona sare za shule miaka mitatu. Nikamtazama kuanzia viatu hadi nywele, nikasonya, nikatoka.

Tukaambiwa faili limeenda makao makuu, na likanyamaza huko. Miezi miwili ikapita. Mvua ikatukuta uwanjani, turubai likapasuka, mama mkwe akakohoa siku kumi na mbili. Nilimpelekea Bwana Changamoto habari hiyo. Nadhani mnajua alichonijibu.

Kisha ikaja siku ya wageni. Wafadhili walikuwa wanatoka ng'ambo kuja kuona hela zao zimefanya nini, na ilihitajika mama mmoja wa kutoa shukrani. Orodha ya majina iliandaliwa na yule binti mwanasheria, na Bwana Changamoto aliitia saini bila kuisoma, kama alivyosaini kila kitu. Jina lilikuwa langu. Nilipewa karatasi yenye sentensi mbili za kukariri.

Wageni walikuwa sita. Walisimama uani kwenye kivuli cha turubai jipya, lile zito ambalo sisi hatukuwahi kupewa. Mama mkwe nilimvalisha gauni lake zuri. Nilipoitwa mbele, karatasi niliikunja nikaitia kifuani.

"Karibuni nyumbani kwangu," nikasema. "Hii nyumba tuliijenga mimi na mume wangu. Tumelala nje miezi mitatu ili ninyi mpate ofisi ya kutusaidia. Sasa piteni ndani, niwaonyeshe vyumba."

Bwana Changamoto alikuwa ndiye mkalimani. Uso wake ulipauka, lakini mdomo haukusita. Alitafsiri kwa kirefu, akapunga mikono, na wageni wakaanza kupiga makofi na kunitabasamia. Sikuhitaji kujua lugha yao nijue amewaambia nini.

Wakati wanapiga makofi, mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani. Hakumsubiri mtu. Tulimsikia akifungua milango mmoja baada ya mwingine, akiita kwa sauti, "Hapa jiko! Hapa alikuwa analala mwanangu mkubwa! Hii meza ya nani? Itoeni!" Karatasi zikaanguka. Mlinzi akakimbia, akafika mlangoni, akashindwa la kufanya, kwa sababu huwezi kumpiga rungu bibi mbele ya wafadhili.

Mgeni mmoja, mama mwenye mvi na daftari, aliacha kupiga makofi. Akamuuliza jambo Bwana Changamoto, naye akajibu haraka haraka huku akicheka. Mgeni hakucheka. Akamgeukia yule binti. Binti akavua miwani yake, akaifuta, akairudisha. Kisha akasema kwa lugha yao maneno machache sana, akaingia ndani, akatoka na faili langu mkononi. Halikuwa limeenda makao makuu wala popote. Lilikuwa kwenye droo.

Sitawadanganya kwamba waliona haya. Waliogopa tu, na hilo nalo linasaidia. Baada ya wiki tano walihama, wakapanga jumba la ghorofa upande wa juu wa mji, lenye jenereta na bustani. Binti mkataba wake ulikwisha mwezi ule ule na haukuongezwa. Alikuja kuniaga, nikakosa la kumpa zaidi ya kumshika mkono.

Siku ya kukabidhiwa funguo, Bwana Changamoto alikuja na mpiga picha na karatasi ya kusaini. Ilisema kwamba mimi, mnufaika, nimepokea nyumba ya vyumba vinne kutoka kwa Shirika ikiwa ni msaada kwa wanaorejea.

"Nyumba yangu ndiyo msaada wenu?"

"Ni lugha tu ya kiofisi, mama. Bila saini hatuwezi kukabidhi."

Nilisaini. Nilitaka funguo, na mama mkwe alikuwa ameanza tena kukohoa. Wanione vyovyote watakavyo. Nilimtazama usoni wakati nikisaini, ili ajue kwamba wote wawili tunajua, lakini yeye alikuwa ameshageuka kuipa kamera tabasamu lake.

Ndani walikuwa wameng'oa kila walichoweka na vichache ambavyo hawakuviweka. Kuta zote zilibaki matobo, ya mabango, ya nyaya, ya mashine za kupozea hewa. Sebuleni peke yake niliyahesabu arobaini na moja, nikaacha.

Shemeji alikuja Jumamosi. Fulana ya manjano hakuivaa tena, maana kamati ilikuwa imevunjwa. Alisimama kizingitini akisema maneno ya damu moja, ya shetani aliyempitia, ya upweke. Nilikuwa tayari kumfungia mlango. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule tupu, akamwambia aingie, lakini avue viatu.

Kisha akamwonyesha ndoo ya saruji na kijiko cha mwashi.

Alifanya kazi mpaka alasiri, vibaya, saruji imemjaa kwenye nyusi. Mama mkwe hakumpa chai wala hakumwita jina. Kila mara tu alinyanyua kidole kuelekea ukutani.

"Pale," alisema. "Umeruka."