Asali ya Bawa la Kushoto

Mama Minza anasema aliona kwa macho yake mwenyewe, hakuhadithiwa na mtu. Anasema ndege ya Dionis ilipofika juu ya njia ya zamani ya misafara, wapagazi waliinuka. Wale wa enzi za mababu, waliokufa njiani na meno ya ndovu mabegani, wakaachwa pale pale bila kaburi wala jina. Mmoja wao alinyoosha mkono mrefu kama mninga, akalishika bawa la kushoto na kulikunja, kama mtu anavyofunga mwavuli mvua ikikatika.

“Wakasema, sisi tulipita hapa kwa miguu mpaka tukafa. Huyu ni nani wa kupita juu ya vichwa vyetu?” Akifika hapo Mama Minza huweka ndoo chini. “Niliwasikia mimi! Mungu ni shahidi.”

“Walisema Kinyamwezi au Kiswahili?” huuliza mmoja kwenye foleni ya kisima.

“Wewe cheka. Siku watakayokuita wewe utajua wanasema lugha gani.”

Gaudensia hungoja zamu yake. Mkono ulikuwepo, hilo ni kweli tupu. Ila haukuwa mrefu, wala haukutoka kwa wafu.

Dionis ni kaka yake, fundi pikipiki, na kijiji chao hakiko mbali na Isikizya. Ndege aliianza nyuma ya nyumba ya baba yao, Mzee Luhende, hata kabla watu hawajamaliza kumcheka kwa ule mkokoteni wa punda alioutia injini. Mwili wa ndege ulikuwa mabomba ya baiskeli yaliyochomelewa, nyuma ya kiti injini ya pikipiki kubwa, na feni aliichonga mwenyewe kwa mbao. Mabawa yalikuwa ya mianzi: mwanzi mmoja mnene katikati, na mbavu zimepangwa kama za samaki, kila ubavu umefungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Misumari hakuitaka.

“Msumari unapasua mwanzi,” alisema. “Mpira unakaza, halafu unasamehe.”

Nguo ya mabawa alishona Gaudensia. Wakati ule alikuwa na cherehani yake barazani kwa Mzee Laxmidas, mwenye duka la vitambaa Tabora mjini, na kitambaa alichochagua kilikuwa kile chepesi cha miavuli.

“Gaudensia, binti yangu, kuna gharika inakuja mimi sijaambiwa?” Mzee Laxmidas alimuuliza alipomwona anaomba jora la pili. “Unashona miavuli ya jeshi zima?”

“Ni mwavuli mmoja tu, mzee. Wa kaka.”

“Kaka yako ana kichwa kikubwa hivyo?”

“Ndiyo, mzee. Hakiingii mlangoni.”

Mara ya kwanza ndege iliruka kimo cha mlango, ikatua kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Watoto walishangilia. Dionis hakushangilia. Alikaa akiitazama siku nyingi, kisha akaongeza dhiraa moja kwa kila bawa, ili hewa ipate mahali pa kushika, na Gaudensia akafumua na kushona upya. Ilipokuwa tayari kujaribiwa tena, feni ikapasuka. Dionis akaenda mjini kutafuta mbao iliyokauka vizuri. Ndege akaiacha kwenye banda la nyasi kando ya njia ya misafara, ambako ardhi imeshindiliwa na nyayo za vizazi hata jembe haliingii. Hapo ndipo palikuwa kiwanja chake.

Alikawia huko, na ndipo nyuki wakaja.

Gaudensia ndiye aliyewaona. Alikuwa amerudi nyumbani kulima, anapita na mzigo wa kuni, akaona nyuki wawili watatu wakiingia na kutoka kwenye kitundu cha kupitishia waya, chini ya bawa la kushoto. Akatua kuni, akachuchumaa kuwaangalia. Uzi wa mabawa alikuwa ameupaka nta, kama mafundi cherehani wanavyofanya, na nta ile alipewa na baba yake. Mtoto wa mrina asali hahitaji kuambiwa kwamba nyuki huifuata nta kama mbuzi wanavyofuata chumvi. Akaenda kumwambia mzee.

Mzee Luhende alitundika mizinga tangu ujana wake. Ndege hakuielewa. Mwanawe alipozungumza habari za uzito na upepo, yeye aliitikia “ee, ee” huku akitazama vidole vya miguu yake. Lakini siku ile alipotega sikio kwenye bawa akasikia mvumo ndani, uso ulimfunguka.

“Wamekuja wenyewe,” alisema. “Nyuki wanaokuja wenyewe hawafukuzwi, mama. Hiyo ni baraka imebisha hodi.” Alimwita binti yake mama kila alipofurahi.

“Na kaka akirudi, baba?”

“Akirudi atakuta bawa tupu. Kwanza waache watengeneze. Huoni miti ilivyochanua?”

Habari zilipofika kwamba Dionis yuko njiani, mzee alichukua mwenge wa magome, kisu, na mzinga mtupu. Jua lilikuwa linazama. Gaudensia alifumua mshono chini ya bawa, akarudi nyuma na kujifunika kanga, na baba yake akaingiza mkono mpaka begani. Ndani mlikuwa na giza na moshi. Alikata masega kwa kupapasa, kama alivyokata maisha yake yote, kisu kikifuata mti, kikipita chini, kikitoka na sega. Mzinga hauna kitu kingine cha kukata zaidi ya sega. Nyuki akawahamisha taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Kulipopambazuka Gaudensia alirudishia mshono wake, nguo ikakaza vilevile kama ngoma.

Mzee alilipigapiga bawa kwa kiganja, kama anavyopigwapigwa ng'ombe mzuri.

“Sasa na mimi nimetia mkono wangu kwenye ndege,” alisema.

Dionis alirudi na feni mpya. Alizunguka ndege, akatikisa mabawa, akagonga nguo kwa ukucha, akaridhika. Asubuhi ya kuruka alikunywa uji kwa asali.

“Baba, hii ya wapi?”

“Ya mzinga mpya.”

“Mzinga mpya una asali tamu hivi?”

“Wewe kunywa. Ukishuka nitakuonyesha ulipo.”

Mzee alimkonyeza Gaudensia, naye akaziba mdomo kwa upande wa kanga asicheke.

Ikapaa. Ilipita kimo cha mlango, ikapita paa la shule, ikapita miti. Mzee Luhende alijisahau akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi, na watu wakacheka kwa kumwona. Dionis akaanza kugeuza ndege kurudi kiwanjani. Ilipoinama upande, bawa la kushoto likakunjika.

Kabla ya kubebwa kwenda hospitali Dionis bado alikuwa anaongea. Alikuwa anaomba radhi kwa watu aliowashtua.

Gaudensia alibaki kukusanya vitu kabla watoto hawajavitawanya. Akafunua nguo ya bawa la kushoto, akaziona mbavu zimelala ovyo, na kanda za mpira zikining'inia. Akainua moja. Mpira uliokatika kwa kuvutwa huota ndevu pale ulipokatikia. Huu haukuwa na ndevu. Ulikuwa laini, kama nyanya iliyopitishwa kisu. Akainua mwingine, vilevile. Alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama nyuma yake. Mzee aliuchukua ukanda mkononi mwake, akaupeleka karibu na macho, akaupitisha kidole.  Aliondoka akielekea porini, na chakula cha siku ile hakukila.

Dionis amerudishwa nyumbani sasa. Miguu haimsikii, mgongo umefanya kidonda kisichotaka kufunga, na homa humjia jioni kama mgeni aliyezoea. Muuguzi aliyewasindikiza mpaka kwenye gari alimvuta Gaudensia kando akamwambia wakae naye tu, wasimwache peke yake. Gaudensia alielewa.

Kazi ya Dionis sasa ni kutafuta kosa lake. Humwambia dada yake ashike njiti za ufagio, moja hivi, nyingine vile, na yeye huzitazama akiwa amelala ubavu.

“Ni ile dhiraa, Gau,” alisema asubuhi ya leo. “Bawa lilikuwa na urefu wake, mimi nikaliongezea tamaa. Angalia. Ukivuta hapa, hapa panakataa.”

“Huenda siyo dhiraa, kaka.”

“Ni nini basi?”

Gaudensia alizipanga upya zile njiti.

“Unaona?” Dionis akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. “Hata wewe unanionea huruma. Baba je? Tangu nirudi hajatia mguu humu. Namsikia anakohoa uani, nasema leo ataingia. Haingii. Nimemtia aibu mzee wa watu. Alinipigia vigelegele mbele ya kijiji kizima, Gau, halafu nikaanguka mbele yao hao hao.”

“Baba hana hasira na wewe.”

“Basi mwambie anisamehe. Mwambie nimejua nilipokosea. Sitaki kuondoka hivi.”

Gaudensia alikuwa amengoja muda mrefu. Yeye ni mtu wa kungoja. Uzi ukijisokota hauvuti. Anaulegeza, anautazama, mpaka unaonyesha wenyewe njia ya kutokea. Na siri ya mzazi haisemwi na mtoto mzazi akiwa hai na kinywa anacho. Ndivyo alivyolelewa. Lakini alipomfunika kaka yake shuka aliuona mfupa wa bega lake umesimama kama ubavu wa mwanzi, akajua kwamba safari hii uzi hautajifungua.

Alimkuta baba yake porini, amekaa juu ya kisiki, anabandua gome la kutengenezea mzinga.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.”

“Kaka hakula leo. Uji aliulamba tu.”

Mzee aliendelea kubandua.

“Amenituma. Anaomba umsamehe.”

Kisu kikasimama. “Anaomba nini?”

“Msamaha. Anasema alikosea kuongeza ile dhiraa. Anasema amekutia aibu, ndiyo maana huingii kumwona.”

“Aibu,” alisema Mzee Luhende, kama mtu aliyepewa neno la kabila lingine.  “Amesema hivyo? Yeye amenitia aibu mimi?”

“Ndiyo, baba. Kila siku anatafuta kosa lake. Anatafuta kwa njiti za ufagio.”

“Nimwambie nini, mwanangu? Kwamba aliinywa kwenye uji?”  “Nilikuwa nangoja ashuke. Nilitaka nimpeleke pale bawani nimwambie, mzinga wenyewe huu hapa. Nilitaka acheke. Hajawahi kucheka na kitu changu, yule. Mambo yangu yote yalikuwa ya kizamani kwake.”

“Najua. Nilikuwepo. Mshono niliufumua mimi.”

“Wewe ulifumua nguo.”

“Baba.”

“Wewe ulifumua nguo tu,” alirudia, akainamia gome.

Gaudensia alikaa chini karibu na miguu yake, kama alivyokuwa akikaa utotoni akingoja kupewa sega la kutafuna. Juu ya mti nyuki walikuwa wanaingia na kutoka mzingani, hawana habari.

“Hatakukasirikia,” alisema. “Yeye anachotaka ni kujua kwamba bawa lake lilikuwa zima. Akijua hivyo atapumzika. Akikosa, ataondoka akidhani kosa ni lake.” Akangoja. “Kama huwezi, nitasema mimi. Wewe njoo tu ukae kitandani kwake, akuone. Usiseme hata neno moja. Mimi nitasema yote, na nitasema ulivyofurahi.”

Mzee Luhende alipitisha kidole kwenye makali ya kisu.  Kisha akaurudisha mkono kwenye gome, kisu kikaanza tena kutembea, polepole, kikiacha vipande miguuni pake.

“Baba, twende,” alisema Gaudensia. “Sasa hivi homa haijapanda. Bado anatambua watu.”