Kona ya Kuingilia Kwetu

Usiku wa jana niliota ugomvi, na niliukuta katikati.

Jirani yangu Bi Sikudhani, tunayepakana naye ukuta, amesimama kwenye njia panda chini ya daraja jipya, kanga kaikaza kiunoni, mafungu ya mchicha mkononi. Anagombana na mshale. Ni mshale mwekundu uliotoka kwenye lami, unaelekea mtaani kwetu, na unajibu kwa upole wa mtu wa mapokezi.

"Mama, kushoto hakuruhusiwi."

"Nyumba yangu ile pale. Nguo zangu naziona kwenye kamba."

"Kuona kunaruhusiwa," mshale ukasema. "Kukata kona ndiko hakuruhusiwi."

Mimi sikushangaa. Nimo katika wale wanaorekebisha ramani ya simu kwa kujitolea, na najua ilivyo: ukiunganisha barabara mpya na ya zamani, ramani huhesabu kila kona imekatazwa mpaka mtu aifungue kwa mkono wake, moja moja, mshale wake mwekundu uwe wa kijani. Aliyechora daraja lile alifungua zote, akasahau yetu. Katika maisha ya kawaida, maana yake simu inampeleka dereva mpaka machinjioni ndipo imgeuze. Ndotoni, miguu ilikuwa haipindi. Nikajaribu kuingia mtaani, nikajikuta machinjioni, kisha tena darajani.

Na siku hiyo ndiyo akika ya mjukuu wangu. Wageni wamejaa darajani, wanazunguka na zawadi zao kichwani. Kila wakipita wananisalimia, wanauliza hali ya mtoto, kisha wanakwenda zao machinjioni. Mkwe wangu Mzee Chambuso alinipa habari kwa vipande, kila akipita kipande: kwamba huko machinjioni umbea wa mji mzima wameshaumaliza, sasa wameanza wangu. Hilo liliniuma. Nasengenywa, nami sipo kuongezea.

Nageuka, daraja limekuwa jiko langu. Mshale umesimama kando ya sufuria.

"Nimeiva," sufuria ya pilau ikasema. "Nikipoa bila mgeni, nyumba inafutwa."

Nikauuliza mshale kama ni kweli. Ukasema ndiyo, utaratibu ndio huo, nyumba isiyofikika haikai kwenye ramani. Ukuta wa nyuma tayari ulikuwa wa kijivu, kijivu cha mahali ambapo hapajachorwa. Kabati likaingia humo na vikombe vyake. Kisha kijivu kikaanza kuutambalia mkeka aliolalia mtoto.

Nikamnyanyua mtoto, nikamweka begani, nikauliza nani wa kufungua kona. Mshale ukasema ni mhariri wa ngazi ya tano. Mimi ni wa ngazi ya kwanza, na ombi langu litasikilizwa kwa zamu.

"Mtoto huyu hangoji zamu," nikasema. "Naifungua mwenyewe."

"Utapokonywa ngazi yako."

"Chukua. Na vyombo vichafu ukivitaka, chukua."

Nikaushika mshale kichwani kwa mkono mmoja. Ulikuwa wa moto na laini kama chapati inayotoka jikoni. Nikaukunja kushoto. Ukajaribu kunyooka, nikaukalia. Bi Sikudhani akaja akakalia upande wa pili bila kuitwa, akasema mshale umemnyaushia mchicha wake. Chini yetu mshale ukaanza kuwa wa kijani, taratibu, huku ukinung'unika kwamba haihesabiki mpaka mgeni apite.

"Atapita," nikauambia. "Sisi hatuondoki."

Nikaamka nimekalia mto.

Kumekucha, akika ni leo kweli, na jiko liko mahali pake. Kwetu mgeni hafiki hivi hivi. Akishapotelea machinjioni ndipo hupiga simu, nasi tunatuma mtu akamtoe. Simu yangu imelala kimya. Lakini getini pana hodi.

Ni mwanamume nisiyemjua, kaleta viti vya kukodi kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Nikamuuliza nani kamtoa machinjioni. Akauliza machinjio gani; simu imemwambia akate kushoto chini ya daraja, naye akakata.

Akataka kushusha upesi aondoke, ana kazi nyingine mjini. Nikasimama kwenye mlango wa kirikuu chake, nikaujaza.

"Mgeni wa kwanza haondoki hapa na njaa. Shusha kiti kimoja, ukikalie. Pilau ndiyo inaepuliwa. Karibu ndani, baba."