Baruti ya Orrin Tveit

Baba yangu, Orrin Tveit, alikuwa mtu wa haya katika mambo yote isipokuwa baruti. Kanisani alikaa benchi la nyuma, dukani alinunua bila kuuliza bei, lakini mtu akitaja risasi za kununua mbele yake, hapo hapo ungemwona anakaa wima.

"Risasi ya dukani ni kama kiatu cha dukani," alikuwa akisema. "Kimeshonwa kwa mguu wa kila mtu, kwa hiyo hakimkai yeyote."

Tuliishi kilimani juu ya mto, upande ule wa Montana ambako theluji humkuta mtu bado ana viazi shambani. Chini ya ngazi ndipo ilipokuwa meza yake ya risasi. Alikusanya maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayabana upya kwa mtambo wa mkono, akatia fataki mpya ya kuwashia baruti, akapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, kisha akakaza kichwa cha risasi juu yake. Nikifumba macho leo harufu ile inarudi: mafuta ya bunduki, shaba, na kahawa iliyopoa. Ningetoa chochote nilicho nacho ili nishuke ngazi zile tena na birika mkononi, nimsikie akinong'ona na mizani yake.

Bunduki yenyewe aliitengeneza nusu. Mtutu alinunua, lakini mti wake, tangu kitako hadi mbele, aliuchonga mwenyewe kwa gogo la mjozi lililoanguka kwa baba mkwe wake mwaka aliomuoa mama. Ilipendeza mno, na ilikuwa haifai kabisa. Ilitawanya risasi kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Baba aliona aibu hata akataka kuutia mti ule jikoni wapikie lefse, zile chapati zetu za viazi. Halafu siku moja, katika wiki ile ile aliyobadilisha kipimo cha baruti, bunduki ikatulia. Basi kipimo kile kikawa siri yake kwa maisha yote. Hata mchungaji aliulizia, akanyimwa.

Alikuwa na sharti moja, nalo halikuwa la mzaha. Kila mwaka kabla ya msimu alipiga risasi tatu kwenye karatasi, kisha akaweka juu yake kifuniko cha kopo la ugoro. Kifuniko kikifunika matundu yote matatu, anapanda mlimani kuwinda elki, kulungu wakubwa wa kwetu. Kisipofunika, hapandi. "Elki hana kosa lolote nami," alisema. "Sina ruhusa ya kumjeruhi tu akafie msituni peke yake." Na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuipiga bunduki ile. Bunduki, kwa baba, haikuazimwa, kama vile mswaki hauazimwi.

Akirudi kutoka kwenye shabaha, mama yangu Solveig alikuwa mlangoni na aproni yake.

"Imekubali?"

"Imekubali! Baruti hiyo, mama."

"Ndiyo baba, baruti," mama alijibu, kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Jambo moja tu ndilo lililowagombanisha, tena kwa kicheko. Walipochumbiana baba alimshonea mama glavu mbili za ngozi ya kulungu wake wa kwanza, ngozi ya manjano yenye mshono wa uzi mwekundu. Kabla mwaka haujaisha mama akapoteza ya kushoto. Alisema imechukuliwa na mto. Tangu hapo kila baridi alivaa glavu ya ngozi mkono wa kulia na ya sufu mkono wa kushoto, na kila baridi baba hakukosa la kusema.

"Mwanamke gani huyu anayepoteza glavu moja? Si upoteze zote mbili tujue moja?"

"Nyingine nitaipoteza ukizidi kelele," mama alijibu.

Mama alifariki mwezi wa Machi, theluji ikiyeyuka. Tulipozoea kidogo kumkosa, kama mtu anavyoweza kuzoea jambo la namna hiyo, msimu ukakaribia, na bunduki ya baba ikaharibika.

Risasi ya kwanza katikati, ya pili juu, ya tatu kulia kabisa. Kifuniko hakikufunika hata mbili. Alibadilisha baruti, akapunguza, akaongeza, akasogeza vichwa vya risasi ndani kwa unene wa karatasi. Wapi! Ikazidi kutawanya. Jioni alikaa kwenye kiti cha mama akitazama mikono yake, na mimi nikaogopa. Baba hakuwa na rafiki kama mlima ule. Niliona wazi kwamba akiitundika bunduki ukutani atakaa katika kiti kile mpaka tumtoe, na hatutamtoa akiwa hai.

"Ni mimi, Marit," aliniambia. "Macho yamekwisha. Mikono nayo."

"Sema bunduki imezeeka."

"Chuma hakizeeki, mwanangu. Mtu ndiye anayezeeka."

Nilimpeleka baba na bunduki yake kwa Delbert Hauge, fundi bunduki wetu, ambaye karakana yake iko nyuma ya pampu za mafuta. Delbert na baba walikuwa marafiki tangu utotoni, kwa hiyo walitukanana kila walipokutana.

"Acha niiguse, mzee," Delbert alimwambia. "Mti ule uliuchonga kwa meno. Nitaukwangua ndani mtutu uelee, usigusane na mbao mahali popote, halafu nitie gundi ngumu hapa chini, chuma kikae kama mtoto mgongoni."

"Ukiuharibu nitakuzika na patasi yako."

"Utanilenga na nini, na bunduki yenyewe hailengi?"

Delbert alifanya kazi safi, sitamsingizia. Alifungua skrubu, akakwangua, akapiga msasa, akamimina gundi, akalegeza na kifyatulio kikawa laini. Tukaenda shabahani watatu. Baba alilala juu ya mifuko ya mchanga, akavuta pumzi, akapiga.

Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Risasi ya tatu haikuigusa hata karatasi. Baba aliinuka taratibu, akaipangusa bunduki, akanikabidhi mimi. Hakuwahi kunipa bunduki ile mkononi maisha yake yote. "Tundika," alisema. Nilitaka kulia, na nililia, sioni aibu.

Delbert alikataa tuende nyumbani bila kahawa. Mle karakanani alizunguka akijikuna, hasira za fundi aliyeshindwa.

"Sielewi. Kila kitu kimekaa. Hata kile kijingozi chako nilikitoa."

"Kijingozi gani?" baba akauliza.

"Kile ulichobana chini ya mtutu, huku mbele. Kimekauka, kimekuwa kama kucha. Ujanja wa kizamani huo, Orrin, wa kuukaza mtutu ili usitetemeke. Siku hizi hatufanyi tena."

"Mti ule nimeuchonga mimi. Sikuweka ngozi yoyote."

"Basi kiliota."

Delbert hatupi kitu. Ana makopo ya takataka za miaka mingi. Alichakura katika kopo moja, akaweka kijingozi mezani mbele ya baba. Kilikuwa chembamba, kimebanwa hadi kung'aa. Upande mmoja, kwenye ukingo, palikuwa na mshono wa uzi mwekundu.

Baba alikitazama muda mrefu. Aliuweka ukucha wake juu ya mshono, akaufuata polepole kama mtu anayesoma. Kisha akavaa kofia yake, na tukarudi nyumbani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye bati la vifungo la mama, kopo alimoweka vitu vyake vya kushonea. Chini kabisa, chini ya mikasi, ilikuwamo glavu ya mkono wa kushoto. Mto haukuwa umeichukua. Ilikuwa imekatwa kipande kwa kipande kuanzia kwenye kifundo, kama mkate, na kilichobaki ni vidole na kiganja kidogo tu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Babu, yaani baba yake mama, alikuwa mchongaji, na mama alikulia kwenye vumbi la mbao zake. Alijua kilichoisibu bunduki tangu siku ya kwanza. Badala ya kumwambia kijana mwenye fahari kwamba mti wake umekosea, alikata glavu yake, akafungua skrubu mbili, akafunga, akanyamaza. Na ngozi ilipochakaa, kabla ya msimu, alikata nyingine. Msimu ule hakuwapo tena wa kukata.

Baba alikaa kitini na glavu mapajani. Alilia kama sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

"Haikuwa macho yangu," alisema. "Yeye ndiye hayupo. Na mimi kila baridi namcheka, mkono wake unaganda."

Kesho yake alikata kipande yeye mwenyewe. Delbert alinung'unika kwamba ameukwangua mti, sasa ngozi lazima ikunjwe mara mbili, na kwamba hii ni kumrudisha punda nyuma. Lakini alikibana mahali pake kwa uangalifu sana, na nilimwona akipangusa pua. Risasi tatu. Kifuniko cha ugoro kilizifunika zote.

"Gundi yangu hiyo," Delbert akasema.

"Nyamaza, Delbert," baba akamjibu, lakini hakutaja baruti. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Siku ile baba aliiacha kamba.

Tulipanda pamoja mwezi wa Novemba. Dume la elki lilitokea ukingo wa msitu, pembe zimejaa umande ulioganda. Baba alipiga risasi moja, na mnyama hakwenda hatua mbili. Alipolifikia alivua kofia, akaketi kando yake kwenye theluji. Mkono wa kulia alikuwa amevaa glavu ya sufu. Wa kushoto hakuvaa kitu. Nilimwambia avae, ataumwa.

"Niache," alisema. "Zamu yangu."

Alipanda misimu mingine michache, na kila mwaka mkono ule ulikuwa mtupu. Bunduki sasa ni yangu. Vijana wa dukani wananiambia nitie mti wa plastiki usiopinda kwa unyevu, wala sitahitaji ngozi tena. Nawaambia asanteni. Jana nilifungua bati la vifungo, nikakata kidole gumba cha ile glavu ya kushoto, kipande cha mwisho. Kisha nikaweka mezani glavu ya mkono wa kulia, nzima, na mikasi kando yake kwa ajili ya mwakani.